Mzunguko wa Korogwe: shajara ya njia ya baiskeli kati ya Mto Pangani na milima ya Usambara

Novemba, mvua za vuli

Kazi yenyewe ni hii: kupata mzunguko mmoja wa baiskeli za changarawe, yaani za barabara za vumbi na kokoto, unaoanzia Korogwe, ukafuata bonde la Pangani hadi Mombo, ukapanda Soni, ukapita Bumbuli na Dindira kwenye chai, kisha ukashuka tena Korogwe. Uwe wa siku mbili kwa mtu wa kawaida, na kulala iwe Soni au Bumbuli. Lami iwe kidogo. Mwishoni nataka faili la njia ambalo mgeni akiliweka kwenye simu hapotei, pamoja na maelezo ya mahali pa maji, mahali pa fundi, na miezi ambayo asithubutu kwenda.

Wapo wanaoniuliza kwa nini si Lushoto. Lushoto inajulikana, ina nyumba za wageni na vijana wa kuongoza watalii. Korogwe ni mji wa kupitwa: basi linasimama, unanunua machungwa dirishani, safari ya Moshi au Arusha inaendelea. Lakini itazame ramani. Mto uko upande mmoja, ukingo wa Usambara Magharibi upande wa pili, na bonde la Lwengera limeingia katikati ya Usambara Magharibi na Mashariki. Mtu anatoka kitandani na robo saa baadaye yuko kwenye vumbi.

Hamu ya mchezo huu imepanda. Wakenya wana mbio zao za changarawe kule Maasai Mara tangu 2021, na Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika Afrika. Vijana wa huku sasa wanajua majina ya waendeshaji kama wanavyojua ya wachezaji wa mpira. Kilichobaki ni kuwaonyesha kwamba kwetu pia kuna mahali pa kupita.

Mvua zikinyesha mimi nafanya kazi ya mezani. Mgongo wa mzunguko tayari upo: barabara ya Soni, Bumbuli, Dindira hadi Korogwe, kilomita 77 hivi. Ukiongeza Mombo hadi Soni na ule upande wa mtoni, hesabu ya karatasi haipungui kilomita 140. Mwinuko ndio unaosumbua. Programu nyingi za kuchora njia zinategemea vipimo vya setilaiti na vya chombo cha anga cha Marekani kilichopima dunia Februari 2000. Tambarare vipimo hivyo havina neno. Kwenye korongo la Soni, ambako barabara imebanwa ukutani, mstari wa ramani ukisogea mita 20 tu tayari uko juu ya jabali, na programu inakuandikia mteremko ambao hata mbuzi hawezi. Kwa hiyo kila tarakimu ya mwinuko nimeiwekea alama ya kuuliza mpaka nipite mwenyewe na kompyuta ya baiskeli inayopima kwa mgandamizo wa hewa.

Januari, kiangazi

Tumeanza na upande rahisi, Korogwe kwenda Ngombezi na Makuyuni kwenye mkonge.

Kwa anayeona picha za juu, mashamba ya mkonge ni ndoto. Njia zimenyooka, zimekatana kwa pembe mraba, bloku baada ya bloku. Mkonge uliingia mwaka 1893, pale Dakta Richard Hindorf alipoagiza vichipukizi 1,000 kutoka Florida. 62 tu vilifika hai, vikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, huko huko mto huu unakomwagia maji baharini. Mwaka huo huo Wajerumani wakaanza kujenga reli kutoka Tanga, ikafika Mombo 1905. Kwa hiyo tambarare yote hii ilipangwa kwa ajili ya kubeba majani mazito hadi kwenye korona, mashine ya kuyachakata, na singa hadi kwenye reli. Kwa baiskeli ni faida tupu: hakuna kilima, na kona zinaonekana kutoka mbali.

Ila mashamba yana wenyewe. Kabla ya kuchora chochote tulikwenda ofisini, tukaandika majina kwenye kitabu cha wageni, tukaeleza tunachotaka. Jibu lilikuwa la kiungwana: njia kubwa za kati piteni, njia za ndani ya bloku msipite wakati wa ukataji, na msiguse vitalu vya miche. Hayo nimeyaweka kwenye maelezo ya njia neno kwa neno. Kwenye vijiji tunaanza kwa mtendaji au mwenyekiti. Ni dakika kumi za salamu, na zinazuia maswali ya saa nzima mbele ya safari. Eneo la reli nimeliacha kabisa, ingawa kijia kilicho kando ya tuta kinatamanisha. Treni ya abiria ya Dar es Salaam kwenda Moshi ilirudi Desemba 2019, ya mizigo nayo inapita, na wembamba wa madaraja yale haumruhusu mtu na baiskeli kupishana na chochote.

Jambo kubwa la mwezi huu tumelipata kwa mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa, mbele kidogo ya Ngombezi. Tulisimama, tukamwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hizo baiskeli zenu hazina keria?"

"Hazina, mzee."

"Sasa mwaenda wapi bila mzigo?"

Tulicheka wote. Nikamwonyesha kwenye simu mstari niliouchora, unaokata moja kwa moja kati ya bloku kuelekea mtoni. Hakuhitaji kuvaa miwani. "Huko kuna mchanga," akasema. "Wenye pikipiki wapita. Sie wa mizigo twazunguka huku, kwenye ardhi ngumu." Njia yake ilikuwa ndefu kwa kilomita mbili na ushee, na nilipoipita niliona sababu. Ardhi imekandamizwa na magurudumu membamba kwa miaka, kuna ufito mmoja msafi wa upana wa kiganja, na kila penye korongo pametafutwa mahali pa kuvukia pasipo na ukingo mkali.

Tangu hapo nina kanuni moja ya kuchora: nafuata alama za baiskeli za mizigo. Mwenye gunia la mkaa, ndoo za maji au mkungu wa ndizi hana nguvu za kupoteza. Ameshapima mchanga, mteremko na tope kwa miguu yake mwenyewe, na akipata njia bora anahamia huko siku hiyo hiyo. Pikipiki zinadanganya, kwa sababu injini haijali mchanga wa kina cha vidole vinne. Magari ndiyo yanadanganya kuliko vyote, maana ndiyo yanayouchimba huo mchanga.

Mto wenyewe unauona kwa vipande. Kando yake kuna bustani za mpunga, mahindi na mboga, mikuyu, na vijia vya watu wanaoteka maji. Vijia hivyo sikuviingiza kwenye njia kuu; ni vya kwenda kuuona mto mchana na kurudi. Mamba wapo kwenye Pangani, na wenyeji hawachoti maji magharibi inapoingia. Mgeni asijifanye mjuzi zaidi yao.

Februari

Mwezi wa miiba. Ukivuka Makuyuni kuelekea Mombo, hali ya hewa inabadilika ghafla. Upande huu mlima unakinga mvua za kutoka baharini, nchi ni kavu, na migunga imetawala. Mwiba wa mgunga unaupata pale tawi lililokatwa kwa ajili ya zizi limeachwa njiani. Mbigili ndiyo adui zaidi kwa sababu haionekani: mbegu ndogo yenye pembe, kwa namna yoyote itakayoangukia pembe moja inatazama juu.

Nimemaliza ubishi wa tairi. Upana usipungue milimita 40, na mimi naona 45 ndio sahihi kwa mzunguko huu. Tairi zisizo na tyubu, zilizotiwa maji ya kuzibia, zinavumilia mbigili bila hata wewe kujua. Kwa mtu wa kilo 70 presha ya psi 30 hadi 35 inatosha; anayejaza hadi jiwe atakuja kulia kwenye mawe ya Dindira. Wenye tyubu waweke viraka vya kutosha na solusheni mpya, maana ya zamani inakauka ndani ya kasha.

Jambo lisiloandikwa mahali pengi: ring'i zetu hazilingani na za madukani huku. Baiskeli kubwa za mizigo zinatumia tairi ya inchi 28 ambayo kipenyo chake cha kukalia rimu ni milimita 635. Baiskeli za changarawe zina milimita 622. Zote mbili watu wanaziita 28, na ukinunua tairi kwa jina hilo utarudi nayo mkononi. Tyubu zake lakini zinaingia, zinavutika. Anayetumia baiskeli ya milimani ya inchi 26 hana shida hata kidogo, tairi zake ziko kila gulio. Ndiyo maana sicheki mtu anayekuja kwenye mzunguko huu na baiskeli ya zamani ya inchi 26 yenye tairi laini. Huenda ndiye atakayefika wa kwanza.

Machi hadi Mei

Masika. Mradi umelala na mimi nimelala nao.

Kwa kumbukumbu tu: picha za setilaiti nyingi zimepigwa kiangazi, mawingu yakiwa machache, kwa hiyo kila njia inaonekana ngumu na nyeupe. Kwenye ramani huria ya OpenStreetMap njia za mashamba zinagawanywa madaraja matano, la 1 likiwa gumu kabisa na la 5 laini kabisa. Nimekuwa nikisahihisha madaraja hayo kwa vipande tulivyovipita. Udongo mweusi wa bondeni ni daraja la 2 Februari na ni daraja la kutopita kabisa Aprili. Ramani haina nafasi ya kuandika mwezi, nami nimeuandika kwenye maelezo kwa herufi nzito: kuanzia katikati ya Machi hadi mwisho wa Mei, upande wa mto usiende.

Juni, kipupwe kimeingia

Mombo hadi Soni. Hapa ndipo watu wa changarawe wananinunia, kwa kuwa ni lami.

Nimetafuta njia ya vumbi ya kupanda kutoka Mombo. Kuna vijia vya miguu kwenye bonde la Bangala, vizuri sana, vyenye mifereji ya kumwagilia na maji baridi, na ukivipita na baiskeli utaibeba begani zaidi ya inavyokubeba. Kwa mtembea kwa miguu navisifu. Kwa mzunguko huu hapana. Lami inapanda kwa mteremko wa haki usiochokesha, korongo liko pembeni, mto unasikika chini muda wote, na kadiri unavyopanda joto la Mombo linabaki nyuma. Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33, na Soni unaifikia kabla ya Lushoto. Ni kipande kidogo katika mzunguko mzima na hakina dhambi.

Hatari yake ni magari ya mboga. Malori yanashuka na kabichi, karoti na viazi kwenda Dar es Salaam, barabara ni nyembamba, na dereva aliyechelewa soko hatazami baiskeli. Shauri langu: uondoke Mombo alfajiri, na kwenye kona zilizofichwa na mwamba ukae mahali unapoonekana, usijibanze ukutani.

Soni pana maporomoko kando kabisa ya mji, chai ya tangawizi, na msimu ukiwa mzuri plamu na mapeasi kwenye ndoo ndogo. Pana fundi pia. Mwenzangu alikuwa amechanwa tairi ubavuni na jiwe, mpasuko wa urefu wa kidole gumba, ambao maji ya kuzibia hayawezi kuuziba. Fundi aliligeuza tairi ndani nje juu ya goti. Akachukua sindano ya kushonea magunia na uzi wa nailoni wa kuvulia, akashona mshono wa msalaba, nafasi baada ya nafasi, bila kuukaza mno ili mpira usipasuke penye tundu. Juu ya mshono kwa ndani akagandisha kipande cha tyubu kuukuu, na juu yake kipande kingine cha tairi lililokwisha, kingo zake amezikwangua kwa wembe ziwe nyembamba zisije zikaikata tyubu. Kisha akaweka tyubu ya baiskeli ya mzigo na kujaza upepo taratibu, huku akipitisha kidole ubavuni kusikiliza kama mshono unavuta. Tairi lile lilimaliza mzunguko, na mpaka leo linatumika. Vifaa vyake vyote vinaenea kwenye kopo la maziwa. Kwenye maelezo ya njia, kituo cha Soni kina alama ya nyundo.

Asichoweza kusaidia, na si yeye peke yake, ni mnyororo mwembamba wa giya 11. Minyororo ya huku ni minene, ya giya moja. Beba viungo vya kuunganishia viwili, na waya mmoja wa giya.

Juni, wiki ya mwisho

Soni, Bumbuli, Dindira, Korogwe. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipande kinachobeba mradi.

Soni hadi Bumbuli ni vumbi jekundu linalopanda na kushuka, halina mahali pa kupumzika. Mashamba yamepandwa hadi kwenye vilele: mahindi, maharage, migomba, miti ya mbao ikigawa mipaka. Kila kona ina watoto wanaokimbia na wewe, na kila mtu mzima anataka salamu kamili. Panga muda wa salamu. Nasema kweli, ukipita kimya utaonekana huna adabu, na siku utakapohitaji msaada habari zako zitakuwa zimeshafika.

Baada ya Bumbuli unaingia upande wa mlima unaotazama bahari. Unyevu unaongezeka, ukungu wa asubuhi unachelewa kuondoka, na chai inaanza. Barabara za chai zilichongwa kwa ajili ya malori na matrekta yanayowahi kiwandani kabla jani halijaharibika, kwa hiyo zinazunguka vilima kwa mteremko wa wastani hata pale penye kilima kirefu. Ni starehe. Ukiacha barabara za chai ukarudi kwenye barabara ya kawaida, miguu inajua mara moja: kona fulani zinapita asilimia 10, na kokoto zimelegea. Giya ya meno 40 mbele na 42 nyuma ndicho kiwango cha chini ninachokipendekeza. Mwenye mapafu ya ujana anaweza kubisha.

Mvua ndogo ilitukuta hapo, ya dakika chache tu. Udongo mwekundu ukilowa kidogo ni mbaya kuliko ukilowa sana. Unashika tairi, unajaza uma wa mbele, gurudumu linagoma. Tulikaa kwenye kibanda cha kukusanyia majani ya chai mpaka jua lilipotoka, tukakwangua tope kwa vijiti. Anayechagua tairi pana kabisa aache nafasi ya kidole kati ya tairi na fremu.

Kutoka Dindira kwenda Korogwe ni mteremko mrefu, kutoka juu ya mita 1,000 hadi mita 300 hivi. Mawe makubwa, makalavati yenye ukingo, sehemu zilizopitiwa na greda karibuni ambazo zina kokoto huru juu ya ardhi ngumu. Breki za diski zikinusa moto, simama. Breki za mpira kwenye rimu zinafika, lakini mikono itauma. Juu kwenye msitu tuliwaona mbega wakivuka barabara kwa matawi, mikia myeupe ikining'inia. Chini joto la bonde linakupiga usoni, na mkonge unaanza tena.

Julai

Kilichobaki kilikuwa upande wa kuzungukia. Nimejaribu pande zote mbili, na uamuzi umetolewa na upepo. Bonde la Pangani hapa linalala kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki, na kusi ya miezi hii inavuma kutoka kusini-mashariki. Ukianza na Dindira utarudi kutoka Mombo alasiri, umechoka, upepo uko kifuani kwa kilomita 40 kwenye tambarare isiyo na kivuli. Ukianza na mto, upepo uko mgongoni. Kwa hiyo: Korogwe, Makuyuni, Mombo, Soni, Bumbuli, Dindira, Korogwe. Hasara yake ni kwamba mteremko mkali wa mawe unaupata ukiwa umechoka, na wenzangu wawili bado wananipinga kwa hilo. Wanayo haki. Mteremko ukikushinda unaweza kushuka ukatembea. Upepo hauna pa kushukia.

Faili la kipande cha mto na la Bumbuli hadi Korogwe viko tayari, pamoja na alama za maji, mafundi, ofisi za vijiji na lango la shamba ambapo lazima ujiandikishe. Njia ya mzee wa mkaa ndiyo iliyoingia, na mstari wangu wa awali nimeufuta. Kati ya Soni na Bumbuli kuna njia panda mbili ambazo bado sijaridhika nazo. Watu wa baiskeli za mizigo wanatumia zote mbili, kila mmoja ana sababu zake, na nitakwenda kukaa pale siku ya gulio nione wanaotoka na mzigo wanashika ipi. Mvua za vuli zisipowahi, Oktoba tutaanza kupima bonde la Lwengera, Korogwe kwenda Magoma na Mashewa, kwa wale wanaotaka siku ya tatu.